Umeweka silikoni, sasa daktari anataka kuchukua kinyama: maswali ya wadada wa Mtwara na Lindi

Maswali haya mengi yananifikia usiku, na mengi yanaanza na "dada naomba isitoke hapa". Mi ni nesi huku Mtwara, nimekaa sana kwenye vyumba vya altrasaundi na upasuaji mdogo, kwaio nimeona niyaweke yote sehemu moja, majina nimetoa. Nitakuwa nasema silikoni kama watu wanavyosema, yani ile mifuko ya kuongeza matiti, hata kwa wale ambao mfuko wao una maji ya chumvi.

Dada hivi mtu alieongeza matiti anaweza kuchukuliwa kinyama (biopsi, kile kipande kidogo cha kupima uvimbe) au ndo basi tena?

Anaweza, na wanachukuliwa. Mfuko haukai katikati ya nyama ya titi, unakaa nyuma yake. Wengine wamewekewa nyuma ya tezi za maziwa juu ya msuli, wengine umeingizwa chini ya msuli wa kifua kabisa. Uvimbe wa titi karibu wote unaota kwenye nyama yako mwenyewe, yani mbele ya mfuko, kwaio njia ya sindano ipo. Kinachobadilika ni nafasi. Mtu ambae hajaweka kitu sindano ikipitiliza kidogo inakutana na nyama nyingine, wewe ikipitiliza inakutana na mfuko, na kama ulikuwa mwembamba tangu mwanzo basi nyama iliyobaki hapo mbele inaweza ikawa sentimita moja au chini ya hapo, maana mfuko umeisukuma na kuitandaza. Ndo maana biopsi yako inataka mtu mwenye utulivu na altrasaundi mbele yake, sio ya kupapasa na kuchoma.

Lazima niseme kama nimeweka? Si wataona wenyewe?

Sema. Tena sema mapema, mapokezi kama unaona aibu nyamaza, lakini ukishaingia kwa daktari au kwa anayepima, iwe sentensi yako ya kwanza.

Wengi wanadhani lazima itaonekana. Sio kila biopsi inaanza na mashine. Uvimbe ukiwa juu juu kuna daktari anaupapasa, anaushika kwa vidole viwili, anavuta sirinji na kuchoma hapo hapo kitandani, na kwa mtu wa kawaida inatosha kabisa. Kovu la chini ya titi au la kwapani likipona vizuri halionekani, na mfuko uliokaa chini ya msuli unaweza kumpita hata mtu mwenye mikono mizuri. Nimeshuhudia mama amelala, titi limeshapakwa iodini, ganzi imeshavutwa, ndo anamvuta nesi gauni na kumnong'oneza sikioni. Tukasimama, tukaleta mashine, ikaendelea vizuri, na hakuna aliyemgombeza wala kumcheka. Lakini ilikuwa imebaki dakika moja hivi.

Ukisema, sema na mwaka uliowekewa, mfuko ni wa maji au wa jeli ya silikoni, juu ya msuli au chini, na kama ulishawahi kubadilisha. Ile kadi ndogo waliyokupa baada ya upasuaji ina jina la kampuni, saizi ya mfuko kwa sisii, na namba yake. Walioenda Uturuki au India wanasema kadi yangu haisomeki kwa Kiswahili, sawa, namba ni namba, ibebe hivyo hivyo na upige picha ikae kwenye simu.

Naogopa sindano itapasua mfuko. Ni kweli inapasuka?

Inaweza, na kwenye fomu ya kukubali utaona imeandikwa, usishtuke. Ni hatari ndogo mikononi mwa mtu anayejua anachofanya, na hapa naomba nieleze kwa kirefu maana hofu ya hili ndo inawafanya watu wakae na uvimbe mwaka mzima.

Biopsi ya kawaida ya titi inatumia sindano nene, geji 14 mara nyingi, imefungwa kwenye kitu wanachoita bunduki. Ina springi. Daktari akibonyeza inalia "ta!" na ncha inaruka mbele kama sentimita mbili kwa kufumba na kufumbua, inakata kipande na kujifunga. Kinyama chenyewe kinatoka chembamba kama tambi. Shida ni hizo sentimita mbili, kwa sababu inaruka yenyewe, ukishabonyeza huwezi kuirudisha.

Kwaio kwa mwenye silikoni daktari anabadili vitu. Kwanza anaingia kwa ubavuni, sindano inalala sambamba na mbavu, haielekei ndani kifuani, hata ikiruka inapita juu ya mfuko badala ya kuufuata. Utageuzwa ubavu kidogo, mto mgongoni, mkono juu ya kichwa, na mtu mwingine au mkono wake wa pili unausukuma mfuko nyuma. Pili, ncha ya sindano inatakiwa ionekane kwenye skrini muda wote, ikipotea anasimama anaitafuta, haendelei kwa kubahatisha. Tatu, na hii mi naipenda sana, anaweza kupenyeza ganzi au maji ya chumvi kati ya uvimbe na mfuko, yale maji yanaunyanyua uvimbe na kutengeneza nafasi ambayo haikuwepo. Halafu kuna bunduki ambazo unaweza kusukuma sindano ya ndani kwa mkono polepole, unaiweka katikati ya uvimbe, unaangalia, ukiridhika unafunga kisu cha nje tu, hakuna kitu kinachoruka mbele. Muulize daktari kama anayo ya hivyo. Muulize pia kama ameshafanya kwa mtu mwenye silikoni, sio dharau, ni haki yako, na akisema bado lakini nitakupeleka kwa fulani huyo ni daktari mzuri.

Uvimbe ukiwa umegandana na mfuko kabisa na hakuna njia, wanakupeleka tieta (chumba cha upasuaji) wanauchukua kwa kisu wakiwa wanauona kwa macho. Ni kidonda kikubwa zaidi kidogo ila mfuko unalindwa.

Na ikitokea umepasuka?

Wa maji utajua, titi litasinyaa ndani ya masaa au siku chache na yale maji mwili unayanyonya, hayana madhara. Wa silikoni unaweza usijue, jeli inabaki ndani ya utando ambao mwili umeutengeneza kuzunguka mfuko, titi linabaki na sura yake, ndo maana kipimo kizuri cha kuangalia ni MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku. Sio dharura ya kufa leo, ila itabidi upasuaji wa kuutoa au kubadilisha, na hiyo ni gharama, usitegemee bima ikulipie cha urembo.

Ila nikuulize na mimi, kati ya mfuko kupasuka na kansa kukaa bila kupimwa, we ungechagua kipi?

Sista mmoja aliniambia watatumia sindano ndogo tu kwa sababu nina silikoni. Inatosha?

Inategemea wanatafuta nini. Sindano nyembamba inavuta seli, inafaa kuvuta maji kwenye uvimbe wa maji au kuangalia tezi za kwapani. Lakini kwa uvimbe mgumu unaotiliwa shaka, seli peke yake hazionyeshi kama kansa imeshatoka kwenye mrija wa maziwa na kuingia kwenye nyama au bado, na ni vigumu kupima vile vipokezi vya homoni (ER na PR) na protini ya HER2 ambavyo ndo vinaamua utapewa dawa gani. Kinyama cha sindano nene kinafanya yote hayo. Usikubali kipimo kidogo kwa sababu tu kinaonekana salama kwa mfuko, ukaja kurudishwa tena baada ya wiki tatu kuchomwa upya.

Mamogramu je, ile eksirei ya titi? Nilisikia inabana mpaka silikoni inapasuka.

Kupasuka kwa kubanwa ni nadra. Kinachosumbua zaidi ni kwamba mfuko unazuia mionzi, nyama iliyojificha nyuma au pembeni yake haionekani vizuri, na mfuko wa juu ya msuli unaficha zaidi kuliko wa chini ya msuli. Kuna namna ya kupiga ambayo fundi anausukuma mfuko nyuma kifuani na kuivuta nyama ya mbele peke yake kwenye kibao, imejulikana tangu 1988 na inaitwa Eklund. Kwaio badala ya picha nne unapigwa nane. Ukiona umepigwa nne tu ukaambiwa tayari, uliza kwa adabu.

Na kama mamogramu imeonyesha vichengachenga vyeupe vya chokaa ambavyo altrasaundi haivioni, basi biopsi inabidi iongozwe na mashine ya mamogramu yenyewe, titi likiwa limebanwa na mfuko umesukumwa nyuma. Hiyo jiandae na safari.

Inawezekana ninachopapasa ni mfuko wenyewe?

Inawezekana sana. Mfuko una mikunjo, ile ya maji ina kivalvu, na ukingo wake kwa mwembamba unashikika kabisa chini ya titi na ubavuni. Altrasaundi inamaliza ubishi kwa dakika chache. Ushauri wangu, ukishapona upasuaji ujifunze ukingo wako uko wapi, papasa kila mwezi baada ya hedhi, ili siku kikija kitu kipya ukijue ni kigeni.

Kuna na hili, silikoni ikivuja inaweza kutengeneza vinundu vigumu kwenye titi au kuvimbisha tezi za kwapani, na hapo hata daktari anaweza kufikiri ni kansa imesambaa. Kwenye altrasaundi inatoa weupe fulani wa ukungu unaojulikana. Lakini hata ukijulikana, mara nyingine wanachukua kinyama ili wawe na uhakika, usione wanakuonea.

Mi sikuweka mfuko, nilihamishiwa mafuta kutoka tumboni. Hainihusu eh?

Inakuhusu kwa njia nyingine. Hakuna mfuko wa kupasuka, sindano inaingia kawaida. Ila mafuta mengine yanakufa, yanaacha vinundu, vifuko vya mafuta na chokaa, na baadhi vinafanana na kansa mpaka inabidi vichomwe. Useme tu ulifanya lini na yalichomwa upande gani.

Na waliochomwa jeli?

Hawa ndo nawahurumia zaidi. Mtu anachomwa jeli moja kwa moja kwenye titi, saluni au hotelini, bila mfuko, na haijui hata jina. Jeli inatawanyika, inahama, inatengeneza mabonge kila mahali, na altrasaundi na mamogramu zote zinakuwa vurugu tupu, daktari hajui achome bonge lipi. Ile ya poliakrilamaidi China waliipiga marufuku 2006. Kama ulichomwa, tafuta MRI kabla ya biopsi ili ijulikane kipi ni jeli na kipi sio. Krimu na vidonge vya kuongeza matiti vinavyouzwa sokoni haviwezi kuzuia sindano, ila vitaje na vyenyewe maana hatujui mna nini ndani.

Titi moja limevimba ghafla na niliweka miaka mingi nyuma. Sina uvimbe, limejaa tu.

Hii usisubiri msimu wa korosho uishe. Maji yanayojaa kuzunguka mfuko zaidi ya mwaka baada ya upasuaji yanatakiwa yavutwe kwa sindano chini ya altrasaundi na yapelekwe maabara, na kwenye fomu waandike kwamba wapime CD30, alama ya kwenye seli inayosaidia kugundua kansa nitakayoitaja sasa hivi. Kuna kansa ya nadra ya mfumo wa limfu inayokaa kwenye utando wa mfuko, inaitwa BIA-ALCL, kisa cha kwanza kiliandikwa 1997 na Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi 2016. Sio kansa ya titi. Imehusishwa na mifuko yenye ngozi ya kukwaruza, sio ile laini, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni duniani ile aina yake inayoitwa BIOCELL. Hapa ndo kadi yako inapofanya kazi. Ikigundulika mapema, mara nyingi wanatoa mfuko pamoja na utando wake wote na mtu anapona. Mara nyingi pia yale maji yanatokana na maambukizi au kugongwa tu, lakini mtu akiyavuta akayamwaga kwenye sinki amekukosesha jibu.

Kwani silikoni yenyewe inaleta kansa ya titi?

Tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba inaongeza kansa ya titi. Inachoweza kufanya ni kuchelewesha kuonekana.

Mama mkwe anasema kansa ukiichokoza na chuma inaamka na kusambaa.

Shikamoo yake mama, lakini hapana. Haijaonekana kwamba biopsi ya sindano inafanya watu wazidi kufa na kansa. Kinachotokea huku kwetu ni kwamba mtu anakuja akiwa amechelewa, kansa imeshasambaa, anachomwa, anafariki baada ya miezi michache, basi sindano inabeba lawama. Kansa ya titi ni ya pili kwa wanawake Tanzania baada ya ya shingo ya kizazi, na wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, wakiwa hatua za mwisho. Hao wengi hawana silikoni hata kidogo, ni mama wa Tandahimba na Ruangwa aliyekaa na uvimbe anapaka majani.

Mume wangu hajui nimeweka, nilimwambia nimenenepa. Ataona kwenye karatasi?

Kwenye ripoti itaandikwa, haifichiki, na ikifichwa daktari atakaekupima mara nyingine atadanganyika. Lakini ripoti ni yako. Omba uingie peke yako, mwambie nesi kabla hajamwita mzee asikilize majibu, sisi siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi. Kumwambia au kutomwambia hilo la nyumbani kwenu, mi simo.

Nanyonyesha, nina silikoni, na wanataka kuchoma. Nisubiri mtoto aache?

Usisubiri. Mnyonyeshe kabla hujaingia ili titi liwe tupu. Kuna uwezekano mdogo wa maziwa kutoka kwenye tundu la sindano siku kadhaa, inasumbua lakini inapona. Ganzi ya lidokeini haimdhuru mtoto.

Huku Kusini naanzia wapi, au niende moja kwa moja Dar?

Anzia hapa. Altrasaundi ipo Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao, na Hospitali ya Kanda pale Mitengo. Altrasaundi nzuri inakwambia kama ni maji, ni mfuko, au ni nyama inayotiliwa shaka, na ripoti ikiandikwa vizuri utaona BI-RADS (kiwango cha shaka) na namba: 3 maana yake turudie baada ya miezi sita, 4 au 5 maana yake kinyama kichukuliwe. Nauli ya zaidi ya kilomita 500 toka Mtwara kwenda Dar uitoe ukiwa na hiyo karatasi mkononi, na rufaa, sio kwenda kuanza moja. Kabla hujapanda basi piga simu uulize mashine inafanya kazi leo? na anaechoma yupo? Nimeona watu wanalala Mbagala kwa ndugu wiki nzima wakisubiri mtu aliye likizo.

Waliofanyiwa Mloganzila au hospitali nyingine ya Dar waombe nakala ya maelezo ya upasuaji, inasaidia kuliko kadi.

Kinyama kikichukuliwa huku kikapelekwa Dar kwa basi hakiozi?

Hakiozi kikiwekwa kwenye fomalini, ile dawa inayowasha macho. Kinatakiwa kitumbukizwe ndani ya saa moja tangu kitolewe, na kikae humo kati ya masaa 6 na 72 kabla ya kuanza kuandaliwa, ukizidisha sana au ukipunguza vipimo vya homoni vinaweza kutoa jibu la uongo. Kwaio biopsi ya Ijumaa jioni ambayo mzigo utaondoka Jumatatu na kufika Jumanne mi siipendi. Angalia kopo lina jina lako, upande wa titi, tarehe na saa, na kwenye fomu imeandikwa ana silikoni, maana mtu wa patholojia, yule anayekisoma kinyama maabara, akikuta matone ya ajabu kwenye kioo akijua hivyo hapotezi muda.

Baada ya kuchomwa nafanyaje?

Bonyeza kwa nguvu dakika kumi hivi, nesi atakusaidia, bonyeza pale pa tundu sio juu ya mfuko wote. Sidiria inayobana ulale nayo usiku wa kwanza, usibebe ndoo kwa siku mbili tatu. Kama unatumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu, ulitakiwa useme kabla. Weusi kidogo kwenye ngozi kawaida. Titi likivimba haraka, likawa la moto, jekundu, na homa juu, rudi siku hiyo hiyo, maambukizi yakifika kwenye mfuko huenda ikabidi utolewe.

Nataka kuweka mwakani, nifanye nini ili nisije kusumbuka?

Pima kwanza. Altrasaundi kwa mdada mdogo, mamogramu ukifika 40, au mapema zaidi kama mama, dada au shangazi alikuwa na kansa ya titi. Picha hizo zitunze, ndo zitakuwa za kulinganishia. Zungumza na daktari kuhusu kuweka chini ya msuli, na mfuko wa ngozi laini. Na ujue mfuko sio wa maisha yote, wengi wanabadilisha, na wa silikoni wataalamu wa Marekani wanashauri uangaliwe kwa altrasaundi au MRI ukifika miaka mitano au sita, kisha kila miaka miwili mitatu. Hiyo pesa ihesabu kabla hujauza korosho.

Majibu yangu yamesema sio kansa. Nimemaliza?

Hapa watu wanakimbia mapema. Jibu la maabara linatakiwa lilinganishwe na picha. Kama altrasaundi iliandika 5 na kinyama kimerudi "nyama ya kawaida", hayo mawili hayakubaliani, na kwa mwenye silikoni nakuwa na wasiwasi zaidi kwa sababu daktari akiogopa mfuko anaweza kuchukua pembeni akakosa penyewe. Muulize wazi: sindano ilionekana ndani ya uvimbe? vilichukuliwa vipande vingapi? Akisita, rudieni. Kama vinakubaliana, faibroadenoma (uvimbe ambao sio kansa) kwa mfano, mara nyingi ni kurudi baada ya miezi sita kuangalia kama imebaki saizi ile ile. Na ukiambiwa wameacha kichuma kidogo ndani kuonyesha walipochukua, usiende mahali kudai kitolewe, kiache hapo hapo, kinawaonyesha njia mkirudi.